Je, MRI itaniambia kama VVU vimeugusa ubongo wangu?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, nina miaka 47. Natumia ARV tangu 2009, sijawahi kuacha, na kila nikipima naambiwa virusi havionekani. Tangu mwaka jana nasahau sana. Naingia darasani sikumbuki nilichofuata, majina ya watoto yananipotea, nikisahihisha madaftari nachoka upesi. Mdogo wangu amesoma mtandaoni kwamba nusu ya watu wenye VVU ubongo wao unasinyaa na MRI inaonyesha. Nimeanza kudunduliza hela. Je, nikapige? Itaonyesha kama virusi vipo kichwani? Halafu nina kitanzi cha shaba, naiogopa ile sumaku.

Jibu: Marahaba Mwalimu.

Hela ulizodunduliza usizitoe kwanza. Sisemi MRI haina maana, kwani ugali wangu mwenyewe unatoka humo: kazi yangu ni kusoma picha za vichwa. Ila unachokiuliza na kile ambacho mashine ile inaweza kukijibu havikutani, na hapo katikati nimeona watu wakipoteza laki kadhaa na usingizi juu yake.

Tuanze na virusi vyenyewe. MRI haioni kirusi. Kirusi kimoja cha UKIMWI kina upana wa nanomita 100 hivi. Ukivipanga kwa mstari, 10,000 vinaenea ndani ya milimita moja ya rula ya mwanafunzi wako. Picha nzuri ya kichwa hospitalini huishia kwenye milimita moja, chini ya hapo ni ukungu. Na wala mashine haitafuti virusi, inasikiliza maji. Maji yana hidrojeni, na hidrojeni ikiingizwa ndani ya sumaku kali hujipanga. Sumaku ya tesla 1.5, ambayo ndiyo iliyozoeleka, inaizidi ile ya dunia inayoelekeza dira kwa zaidi ya mara elfu thelathini. Mawimbi ya redio yakiitikisa hidrojeni hiyo, inaporudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Penye uvimbe, penye kovu na palipokufa, maji hutoa ishara tofauti na penye afya, na tofauti hiyo ndiyo tunayoisoma. Kwa hiyo tunaona nyayo, mwizi mwenyewe hatumwoni. Na wezi wa ubongo wengi wana nyayo zinazofanana: vidoa vyeupe vinavyoachwa na VVU huachwa pia na shinikizo la damu, na sukari, na pombe, na hata na uzee tu.

Sasa, je, virusi hufika ubongoni? Hufika, tena mapema kuliko tulivyodhani zamani. Bangkok kuna watafiti waliowapata watu waliokuwa wameambukizwa siku chache tu nyuma, wengine kabla mwili haujatengeneza kinga ambayo kipimo cha kawaida cha damu huitafuta. Wakawachoma mgongoni wakapima maji ya uti wa mgongo. Kati ya watu 18, 15 walikuwa tayari na virusi humo, na wa mapema kuliko wote alikadiriwa kuwa na siku 8 tangu aambukizwe. Picha zinazosoma kemia ya ubongo zilionyesha dalili za uvimbe. Matokeo hayo yalitoka 2012.

Jinsi vinavyoingia ni hivi. Ubongo una ukuta wa kuchuja damu, lakini chembe nyeupe za ulinzi zina ruhusa ya kupita, na kirusi hupita kikiwa ndani yake kama magendo ndani ya gunia la dagaa. Akishapita mlinzi, mzigo unashushwa. Na hapa kuna jambo ambalo mdogo wako labda hakulisoma: VVU haviingii ndani ya seli za neva, zile unazofikiria nazo. Vinakaa kwenye seli za ulinzi za ubongo, makrofaji na mikroglia. Seli hizo zikiambukizwa hutoa kemikali za uvimbe, na seli za neva zilizo jirani ndizo zinazoumia. Moto uko kwa jirani, moshi unaingia kwako. Sehemu zinazopata moshi mwingi ni vile vifundo vya seli vilivyokaa katikati kabisa ya ubongo, vinavyosimamia wepesi wa mwili na wa fikra, pamoja na nyaya nyeupe zinazoviunganisha na sehemu ya mbele. Ndiyo maana madaktari wa New York waliouelezea ugonjwa huu mwaka 1986 waliona wagonjwa wanaopoteza kasi kwanza: mtu anajibu kwa kuchelewa, mikono mizito, mwendo wa kuyumba, hamu ya mambo imekwisha. Kwa wengi kumbukumbu yenyewe haikufutika kama inavyofutika kwa mzee mwenye Alzheimer. Ilikuwa inavutwa polepole, kama ndoo kwenye kisima kirefu.

ARV zinazima moto. Baada ya dawa za mseto kuanza 1996, ile hali mbaya ya kupoteza akili kabisa ilishuka mno.

Basi ile "nusu" imetoka wapi? Imetoka Marekani. Kulikuwa na utafiti mkubwa uitwao CHARTER, watu 1,555 wenye VVU katika vituo sita, matokeo yakatoka 2010. Walipewa mitihani ya akili: kukumbuka maneno, kuunganisha namba kwa kasi, kuchomeka vijiti kwenye matundu. Zaidi kidogo ya nusu walihesabiwa kuwa na upungufu. Ukiisoma mistari ya chini, picha inabadilika. Walipowatoa wenye magonjwa mengine mazito, kwa kila watu 100, 33 walikuwa na alama za chini katika mitihani lakini maisha yao yanaenda kama kawaida, 12 walikuwa na shida ndogo wanayoihisi, na 2 tu ndio waliokuwa na ugonjwa kamili wa akili. Yaani sehemu kubwa ya ile nusu ni watu ambao wasingeitwa kwenye mtihani wala wasingejijua.

Na wewe mtunzi wa mitihani utaelewa kasoro iliyokuwemo. Mitihani ikiwa mingi na ukasema atakayepata chini ya wastani kidogo tu katika sehemu mbili amefeli, utawafelisha wengi wasio na tatizo lolote. Kanuni zile zikitumika kwa watu wasio na VVU kabisa, 15 hadi 20 kwa kila 100 wataandikwa kuwa na upungufu. Ongeza kwamba wastani wenyewe ulitengenezwa kwa watu waliosoma Marekani. Ukimpelekea bibi wa Ukerewe aliyeishia darasa la nne, unapima shule aliyosoma, hupimi ubongo wake. Mwaka 2023 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali likapendekeza tuachane na tabia hiyo: alama za chini peke yake zisiitwe ugonjwa, na pale penye jeraha la kweli daktari ajiulize kama ni moto unaowaka sasa au ni kovu la zamani. Mimi nasema walichelewa, lakini walifika.

Tuje kwenye kusinyaa, maana hapo ndipo picha zinapoingia na hapo ndipo watu wanapotishika.

Mwaka 2005 zilitoka ramani za rangi ambazo hadi leo zinazunguka mtandaoni. Watafiti wa California walilinganisha wagonjwa 26 wa UKIMWI na watu 14 wasio na maambukizi, wakapima unene wa gamba la ubongo. Sehemu zinazosimamia mwendo na hisia za mwili zilikuwa nyembamba kwa karibu asilimia 15, na kadiri CD4 ya mtu, yaani hesabu ya chembe zake za kinga, ilivyokuwa chini ndivyo gamba lilivyokuwa jembamba sehemu nyingine za ubongo, zile za kupanga na kuamua. Utafiti ule ni mzuri na siukatai. Ila soma tena: ni wagonjwa wa UKIMWI, watu ambao kinga ilikuwa imeshaanguka. Wewe hujaandikiwa humo.

Karibu zaidi na wewe ni kazi ya 2021 iliyokusanya picha za watu 1,203 wenye VVU kutoka Afrika, Asia, Australia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mmoja mmoja asingesema kitu, lakini wakiwa wengi hivyo mwelekeo ulionekana: wenye CD4 ndogo walikuwa na hipokampasi ndogo, ambacho ndicho kituo cha kuhifadhi kumbukumbu, na thalamasi ndogo, ambayo ni kama njia panda ya taarifa zote za ubongo. Wenye virusi vinavyoonekana kwenye damu nao hipokampasi yao ilikuwa ndogo kuliko ya wale ambao virusi vyao havionekani. Kwa lugha ya kliniki yako: anayekunywa dawa na virusi vikafubaa, ubongo wake uko upande wenye nafuu.

Sasa kaa na mimi kwenye utafiti mmoja, kwa sababu unajibu swali lako kuliko yote. Ulifanyika London na Amsterdam kwa watu wa makamo, umri wako na kuendelea, 162 wenye VVU ambao dawa zimewakubali na 105 wasio na VVU lakini wanaofanana nao kwa maisha. Kulikuwa na programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa picha nyingi za MRI kukadiria umri wa mtu kwa kuutazama ubongo wake tu. Kwa wenye VVU, ubongo ulionekana mzee kuliko mwenyewe kwa wastani wa miaka 2.15. Kwa wale wengine ulionekana kijana kwa karibu mwaka mmoja. Tofauti ipo, na hesabu zake zinashika. Lakini programu yenyewe, ikimkadiria mtu mmoja, hukosea kwa wastani wa miaka 5 hivi.

Unaona inapoelekea? Chukua darasa la sita, mkondo A na mkondo B, watoto sitini sitini. A wana wastani wa 58, B wana 56. Ukirudia mitihani kwa miaka utathibitisha kwamba B wako nyuma kidogo, na mkuu wa shule ana haki ya kuuliza kwa nini. Sasa mimi nikuletee daftari moja lenye 55, jina limechanika. Utaniambia ni la mkondo gani? Huwezi, na anayedai anaweza anakisia. Picha yako ya MRI ni hilo daftari lililochanika jina. Utafiti hufanya kazi kwa kukusanya madaftari mengi. Kliniki ina lako moja.

Na kuna kipande cha pili cha utafiti huo huo ambacho mitandao haikukipigia kelele. Watu wale walipigwa picha tena baada ya miaka miwili. Kama VVU vilivyodhibitiwa vingekuwa vinaendelea kuula ubongo, pengo lingekuwa limepanuka. Halikupanuka. Mabadiliko kwa wenye VVU na wasio nao yalikwenda kwa kasi ileile. Tafsiri ninayoikubali mimi, na si mimi peke yangu, ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti tunayoiona ni kovu la kipindi cha kabla ya dawa. Wewe ulianza 2009, enzi ambazo mtu alisubiri CD4 ishuke ndipo apewe ARV. Inawezekana ubongo wako una alama ndogo ya miaka ile. Kovu la namna hiyo haliwezi kueleza kwa nini umeanza kusahau mwaka jana.

Picha za aina nyingine nitazipitia haraka, ukikutana nazo zisikutishe. Kuna MRI ya kemia, inayopima NAA ambayo hupungua seli za neva zikiwa taabani, pamoja na kolini na mayo-inositoli ambazo hupanda penye uvimbe; hii ndiyo iliyotumika Bangkok, na kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote kwa VVU, maana huona moshi kabla nyumba haijaungua. Kuna inayofuata maji yanavyotambaa kandokando ya nyaya nyeupe ili kujua kama nyaya zimechakaa. Kuna inayopima damu inavyokimbilia sehemu ya ubongo inayofanya kazi. Utafiti mmoja wa 2010 kutoka St. Louis ulisema damu ya ubongo wa wenye VVU ilikwenda kama ya watu waliowazidi miaka 15 hadi 20, na magazeti yakaruka na namba hiyo bila kusema kwamba ilipimwa kwenye eneo dogo la ubongo linaloshughulikia kuona, kwa watu wanaotazama mchoro unaomemeta. Kisha kuna PET, ambapo mtu hudungwa dawa yenye mnururisho inayonata kwenye mikroglia zilizowaka. Hii ilileta matumaini makubwa, lakini matokeo yake yamegongana: wengine wameona mikroglia zimewaka kwa watu ambao virusi havionekani, wengine hawakuona tofauti yoyote. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo daktari wako wa CTC, yaani kliniki ya VVU, anaweza kuitumia kukubadilishia dawa.

Nisije nikaeleweka vibaya, kuna siku picha ya kichwa huokoa maisha ya mtu mwenye VVU, na siku hiyo ikifika hatuulizi mara mbili. Nakumbuka dereva mmoja wa daladala, ameletwa na ndugu zake baada ya wiki tatu za kuzungushwa kwa maombi na kwa waganga. Alikuwa ameacha ARV mwaka mzima, kichwa kinauma mfululizo, mkono wa kushoto umelegea, anazungumza na watu ambao hawapo. Siti skani ilionyesha mapete mawili meupe yaliyozungukwa na uvimbe, moja kwenye vile vifundo vya ndani. Toksoplasma, ugonjwa wa kimelea. Akawekwa kwenye Septrini kwa dozi kubwa, na wiki ya pili alikuwa anamkumbuka kila abiria mwenye deni lake. Hapo picha ilitafuta ugonjwa mwingine uliopenya kwa sababu kinga imeanguka, ikaupata, ikabadilisha tiba.

Hiyo ndiyo kazi ya picha kliniki. Toksoplasma, fangasi wa kriptokokasi anayejaza vijishimo vya ubongo ute, kifua kikuu kinachogandisha utando wa chini ya ubongo na kuziba maji, virusi vya JC vinavyokwangua nyaya nyeupe, upande mmoja zaidi ya mwingine, bila kusukuma kitu, uvimbe wa saratani, kiharusi. Kila kimoja kina sura yake, ingawa mara nyingi picha peke yake haimalizi kesi na lazima tupime damu na maji ya uti wa mgongo. Kwa hiyo ukipata kichwa kinachouma kisivyo kawaida na kuzidi siku hadi siku, degedege, udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, kuona vitu viwili viwili, homa pamoja na shingo kukakamaa, au watu wa nyumbani wakasema umebadilika ghafla ndani ya siku au wiki, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, na hapo MRI au siti skani iulizwe na daktari. Katika barua yako sijaona hata kimoja kati ya hivyo. Unafundisha, unasahihisha, na umeniandikia barua iliyonyooka.

Mtu mwenye hali yako akipiga MRI kwa kujiamulia, kinachotokea mara nyingi ni hiki. Alikuja kwangu mama mmoja mhasibu na bahasha yake. Ripoti ilikuwa na mstari mmoja: ubongo umesinyaa kidogo, vidoa vichache vyeupe. Kwa miezi miwili alikuwa haongei na wanawe kuhusu kitu kingine ila nani atawalea. Niliitazama picha yenyewe: ni ya mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye shinikizo la damu ambalo hakuwa analitibu. Dawa ya shinikizo ndiyo iliyokuwa jibu, na mashine ya kupima hilo ipo hata zahanati ya kijiji.

Hapo ndipo nakutaka uanzie. Blantyre, Malawi, walifanya utafiti kuhusu kiharusi kwa watu wazima, ukatoka 2016. VVU vilihusika, hasa kwa vijana na hasa miezi sita ya mwanzo ya kuanza ARV, lakini kwa jumla yao karibu nusu ya mzigo wa kiharusi ulibebwa na shinikizo la damu. Shinikizo hilo hilo, kabla halijaleta kiharusi, huuchakaza ubongo taratibu na kuleta usahaulifu wa aina yako. Pima mara kadhaa, siku tofauti, ukiwa umekaa na kutulia. Pima sukari, hasa kwa kuwa huenda sasa unatumia ARV yenye dolutegravir, ambayo kwa baadhi ya watu huongeza uzito na hupandisha sukari. Omba waangalie wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, na kaswende, ambayo watu huona aibu kuitaja ingawa huingia kichwani pia.

Halafu kuna mambo ambayo hayana kipimo cha damu. Una miaka 47. Kama hedhi imeanza kuruka miezi na usiku unatokwa jasho, usahaulifu huo unawapata wanawake wengi wa umri wako, wenye VVU na wasio nao, na kwa wengi hutulia. Usingizi je? Kwa mtu aliyeanza 2009, huenda ulikaa miaka kwenye efavirenzi, ile ya ndoto za ajabu na kizunguzungu cha usiku, mpaka TLD, kidonge chenye hiyo dolutegravir, ilipoanza kuichukua nafasi yake nchini 2019. TLD nayo huwanyima wengine usingizi. Kama unainywa usiku na unakodoa macho hadi saa tisa, muulize mhudumu wako kama unaweza kuihamishia asubuhi. Na sonona, Mwalimu. Kuchoka na madaftari, kuingia chumbani na kusahau ulichofuata, kuona majina yanakukimbia: sonona hufanya haya yote bila hata machozi. Sikuambii una sonona. Nasema iulizwe, kwa sababu inatibika, na kwa sababu kliniki yenye foleni ndefu mara nyingi haiulizi.

Kuna kipimo kidogo ambacho unaweza kuomba CTC, hakina mashine wala hakikuli hela. Kilitengenezwa na kujaribiwa Baltimore na Kampala, kikachapishwa 2005. Unatajiwa maneno manne, tuseme mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Unagonganisha kidole gumba na cha shahada kwa kasi kadiri unavyoweza. Unafanya mfululizo wa mkono: ngumi mezani, kiganja kifudifudi, kiganja ubavu, tena na tena. Kisha unaulizwa yale maneno. Jumla ni alama 12, na anayepata 10 kushuka chini hutazamwa zaidi. Kina mapungufu, mtu aliyesoma anaweza kukipita na bado ana tatizo dogo. Lakini kinagusa kasi na mikono, pale pale VVU vinapopenda kugusa, na kinaweza kurudiwa mwakani tukalinganisha. Wewe ukilinganishwa na wewe mwenyewe, hiyo ndiyo namba yenye maana.

Kuna hali moja adimu lazima niitaje kwa kuwa umeuliza kama virusi vinaweza kuwa kichwani huku damu ni safi. Inatokea. Wachache sana hupata virusi vinavyoongezeka kwenye maji ya uti wa mgongo wakati kwenye damu havionekani au ni vichache, mara nyingi kwa mtu aliyewahi kuwa na usugu wa dawa. Huja na dalili zinazosogea kwa wiki au miezi: mwendo unaharibika, mikono inatetemeka, fikra zinazidi kuwa nzito. Hapo MRI huonyesha nyaya nyeupe zimewaka pande zote mbili, lakini kinachothibitisha ni kuchomwa mgongoni na kupima wingi wa virusi kwenye yale maji. Kama vipimo nilivyovitaja vyote vikiwa sawa na bado unazidi kuporomoka, huo ndio mlango wa kumwomba daktari bingwa wa neva akuone, na yeye ndiye atakayeandika MRI yenye swali maalumu juu yake. MRI yenye swali husomwa vizuri kuliko MRI ya wasiwasi, hilo nakuambia kama msomaji.

Ukialikwa kwenye utafiti wa picha za ubongo, hilo ni jambo tofauti, na mimi ningependa uende. Huko hulipi, na daftari lako linaingia kwenye rundo ambalo ndilo linalotoa majibu. Picha za Afrika bado ni chache kuliko wagonjwa wa Afrika, kwa sababu mashine ni ghali na zimerundikana mijini. Hali inaanza kusogea: mwaka 2022 huko Mbarara, Uganda, wahandisi wa chuo kikuu na wenzao wa Uholanzi waliunga MRI ndogo ya sumaku hafifu papo hapo kwa siku 11, ikiwa imelengwa kwa watoto wenye vichwa vikubwa vya maji. Picha zake ni za ukungu na haziwezi kupima hipokampasi kwa uzuri, ila pete la toksoplasma au maji yaliyoziba ni vitu vikubwa. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: nani ataniambia wakiona kitu kisicho cha kawaida, na jina langu litakaa wapi.

Kuhusu kitanzi: shaba haivutwi na sumaku. Wanawake wenye kitanzi cha shaba hupigwa MRI za kawaida za tesla 1.5 na 3 bila kukitoa. Siku ikifika, mwambie tu anayekuandaa kabla hujaingia, pamoja na chuma kingine chochote kilichomo mwilini, na hereni uziache nyumbani.